Ngozi ya Kuiga na Heshima ya Kweli

Ichukuliwe habari ya namna hii. Katika kijiji kimoja kando ya mto Luama, upande wa Kabambare, sultani mzee amefariki, na ukoo umekwisha kumchagua mrithi wake. Siku ya kumsimika i karibu. Ngoma zimewambwa, mbuzi wamefungwa, wageni wameanza kufika kutoka Kasongo na hata kutoka Kindu. Limebaki jambo moja tu. Ngozi ya chui, ambayo masultani wa ukoo ule wameivaa siku ya kusimikwa tangu zamani, imeliwa na wadudu. Manyoya yanapukutika, na mahali pengine imetoboka. Ndipo mpwa wa sultani mpya, kijana afanyaye kazi Bukavu, anapofungua mzigo wake na kutoa ngozi nyingine. Madoa yake ni mazuri, rangi yake yapendeza, mkia unaning'inia. Lakini si ngozi. Ni kitambaa kilichofumwa kiwandani kwa nyuzi za plastiki.

Mzee mmoja anaishika, anaipapasa, anainusa, kisha anairudisha. "Mjukuu wangu," asema, "hiki ni kitambaa. Je, sultani wetu aanze kazi yake kwa uwongo?" Kijana anajibu kwa adabu: "Babu, chui wamekuwa haba, tena serikali imekataza kuwaua." Mzee asema: "Wawindaji wangaliko. Atafutwe mmoja tu."

Jambo hili ni dogo kwa macho, lakini ndani yake yamo maswali mawili makubwa. La kwanza: je, alama ya heshima iliyofanywa kwa kitu cha kuiga ni uwongo? La pili: je, ni haki kumwua mnyama aliye haba ili mtu mmoja apambwe siku moja? Wala maswali haya hayaulizwi Kabambare peke yake. Yanaulizwa katika majeshi ya Ulaya, yanaulizwa katika kanisa moja kubwa la Afrika ya Kusini, na katika mitumbwi ya kifalme ya Zambia. Basi yafaa kuyapima polepole, na kumpa kila msemaji haki yake.

Desturi yenyewe

Kwanza haifai kumdharau yule mzee. Maneno yake yana mizizi. Katika nchi nyingi za Afrika ya Kati chui ni mnyama wa wakubwa. Mwindaji aliyemwua hakumficha nyumbani kwake, bali alimpeleka kwa mkubwa wa nchi, na aliyekaa na ngozi bila ruhusa alihesabiwa kama mtu anayejifanya mfalme. Katika Maniema, kwa Warega wa Pangi, chama cha Bwami kiliweka meno ya chui yawe pambo la watu wa daraja ya juu, waitwao kindi. Mtu hakufika daraja hiyo kwa mali tu. Alipimwa kwa mwenendo wake, kwa subira yake, na kwa jinsi alivyopatana na ndugu zake. Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1933, na tena mwaka 1948, lakini haikuweza kuifuta mioyoni mwa watu maana ya meno yale.

Wakubwa wa nyakati za karibu nao waliishika alama hiyo. Mobutu, aliyetwaa utawala wa Kongo tarehe 24 Novemba 1965, alijulikana ulimwenguni kote kwa kofia yake ya ngozi ya chui. Leo kichwa cha chui kimo katika nembo ya Jamhuri, ile iliyowekwa mwaka 2006, na wachezaji wa mpira wa taifa huitwa kwa jina lake.

Wazungu pia wana desturi za namna hiyo. Katika bendi za jeshi la Uingereza mpiga ngoma kubwa huvaa ngozi ya chui kifuani, ngoma isichubue mavazi yake, na watazamaji wapendezwe. Askari wanaolinda jumba la mfalme mjini London huvaa kofia ndefu nyeusi ya ngozi ya dubu, yenye kimo cha karibu sentimeta 46. Kofia hiyo walipewa baada ya kuwashinda Wafaransa katika vita vya Waterloo, mwaka 1815. Basi asidhani mtu kwamba mapambo ya ngozi ni mambo ya watu wa msituni. Kila taifa limetaka askari wake na wakubwa wake waonekane kuwa na nguvu kupita nguvu za mtu wa kawaida, na mara nyingi limeziazima nguvu hizo kwa wanyama.

Hali ya chui leo

Lakini lililokuwa haki jana laweza kuwa dhuluma leo, ikiwa hali imebadilika. Zamani mwindaji wa chui alikwenda na mkuki na mbwa, akiyahatarisha maisha yake. Katika nchi nzima walikufa chui wachache, na msitu ukawarudisha. Sivyo ilivyo leo. Baada ya vita vilivyoanza mwaka 1996 bunduki zimeenea mashariki ya Kongo, na mitego ya waya inakamata kila kinachopita, mchana na usiku. Hata wanyama anaowala chui, kama paa na nguruwe wa mwitu, wamepungua, maana watu wenyewe wanawala na kuwauza.

Tena chui hazai kama panya. Jike huzaa kwa kawaida watoto wawili au watatu, na watoto hao humfuata mama yao zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuweza kuwinda peke yao. Anayemwua jike kwa ajili ya ngozi moja, mara nyingi ameua na watoto ambao hakuwaona.

Tena hatari hii haikutoka vijijini tu. Katika miaka ya 1960 mabibi matajiri wa Ulaya na Marekani walipenda sana makoti ya chui, na maelfu ya ngozi yalitoka Afrika kwa ajili yao. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Washington mwaka 1973, yakaandika mapatano ya kuzuia biashara ya wanyama walio hatarini. Mapatano hayo yalianza kutumika mwaka 1975, na nchi ya Zaire, ndiyo Kongo ya leo, ikaingia mwaka 1976. Ngozi ya chui iliwekwa katika orodha ya vitu vyenye ulinzi mkubwa kabisa. Kongo yenyewe ina sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, na sheria ya kuhifadhi viumbe ya tarehe 11 Februari 2014. Basi yule mzee aliposema "atafutwe mmoja tu", alikuwa anaomba jambo ambalo kijana hawezi kulitenda bila kuivunja sheria. Na masultani walio tayari kutoa neno la namna hiyo ni wengi, kila mmoja akitaka "mmoja tu".

Mtu aweza kusema: "Chui ni adui, hula mbuzi. Akiisha, kuna hasara gani?" Jibu lilionekana nchini Ghana. Huko wataalamu waliona kwamba mahali simba na chui walipotoweka, nyani waliongezeka mno, wakashambulia mashamba, hata wazazi wengine wakawazuia watoto wasiende shule ili walinde mazao. Mkulima wa Kabambare, ambaye mihogo yake na njugu zake huchimbwa na nguruwe na kuibwa na nyani, ataielewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Je, kuiga ni uwongo?

Hata hivyo, shauri la sheria na la mashamba halijamjibu mzee. Yeye hakuuliza kama chui ana faida. Aliuliza juu ya ukweli. Naye ana haki kuuliza, maana msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na amri ya nane yamhusu sultani kama inavyomhusu mtoto wa shule.

Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba uwongo haumo katika neno lisilo sawa peke yake, bali katika nia ya kumdanganya mwenzako. Mwalimu anayechora chui ubaoni hasemi uwongo, ingawa ubaoni hakuna chui. Watoto wanajua kwamba ni picha. Lakini mtu akiuza picha hiyo kwa kipofu, akimwambia kwamba ni ngozi, amekwisha kusema uwongo.

Zamani palikuwa na jambo linalofanana na hili. Katika nchi nyingi za ndani, wakubwa walivaa kombe la bahari lililochongwa mviringo kama kisahani. Daudi Livingstone, ambaye baadaye alikaa miezi mingi Kabambare kati ya mwaka 1869 na 1871, aliona katika safari yake ya mwaka 1854 kwamba makombe mawili ya namna hiyo yaliweza kumnunua mtumwa, na matano yalilingana na pembe ya ndovu. Kisha viwanda vya Ulaya vikafanya makombe ya kaure yenye umbo lile lile. Mfanyabiashara aliyeuza kaure kwa jina la kombe alikuwa mwongo na mwizi. Lakini aliyesema waziwazi, "Hii ni kaure, yafanana na kombe," hakumdanganya mtu. Vitu vyao vilikuwa sawa. Maneno yao yalikuwa mbalimbali. Hivyo kuiga si jambo lililozaliwa leo, wala si kila kuiga ni dhambi.

Kuna habari nyingine, nayo ina uzito zaidi. Msomaji na amkumbuke Yakobo, mwana wa Isaka. Alipotaka kupata baraka ya kaka yake Esau, mwenye mwili wa manyoya mengi, mama yake alimfunika mikono na shingo kwa ngozi za wanambuzi. Baba yake, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alimpapasa na kuamini kwamba yeye ni Esau. Ngozi zile zilikuwa za kweli kabisa; mbuzi walichinjwa siku ile ile. Lakini neno lililosemwa kwa ngozi zile lilikuwa la uwongo.

Hapo ndipo shauri lote linapogeuka. Mzee anadhani kwamba ngozi ikiwa ya kweli, alama ni ya kweli. Lakini ngozi ya chui inasema nini? Inasema: "Huyu ni mtu shujaa, anailinda nchi yake, hatari haimtishi, na watu wake wamekubali awe mbele." Basi sultani anayenunua ngozi kwa siri, kutoka kwa mwindaji haramu aliyetega waya na kungoja, amevaa ushujaa wa nani? Hakumwona chui. Mwindaji mwenyewe hakupigana naye, alimkuta amekwisha kunyongwa. Na tangu saa ile ya kununua, mwenye kuilinda sheria amekuwa mvunja sheria wa kwanza. Ngozi yake ni ya kweli mpaka unyoya wa mwisho, nayo inasema uwongo mbele ya watu wote.

Sultani mwingine amevaa kitambaa, na watu wote wameambiwa kwamba ni kitambaa. Akihukumu kwa haki, akikataa rushwa, akisimama na wajane siku ya taabu, kitambaa chake kinasema kweli.

Maneno ya mzee yenye uzito

Lakini mzee hajashindwa kabisa. Anaweza kujibu kwa maneno matatu, nayo yote yastahili kusikilizwa.

La kwanza ni hili: "Mnatufundisha kwamba ubatizo ni kwa maji ya kweli, si kwa kitu kinachofanana na maji. Kwa nini basi alama zenu haziigwi, na zetu ziigwe?" Swali hili ni zuri, na katekista asilikimbie. Jibu ni kwamba alama ziko za namna mbili. Ziko ambazo aliyezianzisha aliagiza na kitu chake, na wanaozipokea hawana ruhusa ya kukibadili. Na ziko ambazo watu wenyewe waliziweka, kwa hekima yao, ili waseme neno wanalolitaka. Hizi za pili, waliozifunga wanaweza kuzifungua. Mababu walimchagua chui kwa sababu chui aliwazunguka. Wangalikaa pwani, labda wangalichagua papa.

Lakini katika jibu hilo mna onyo kwa wale vijana wa mjini. Ikiwa alama ni mali ya watu waliyoiweka, basi haifai mgeni aje kuibadili kwa amri, wala mpwa kwa mzigo alioufungua ghafula. Wenyewe ndio wakae, waseme, wakubaliane.

Neno la pili: "Kitambaa kinauzwa sokoni. Kesho kila mlevi atakivaa, na sultani atafanana na mchezaji wa ngoma." Ni kweli. Ngozi ya chui ililinda heshima yake kwa ugumu wa kuipata. Kitambaa hakina ulinzi huo, na hivyo watu wenyewe hawana budi kuwa walinzi, wakisema nani avae, siku gani, na nani akabidhiwe kukitunza. Sare ya jeshi nayo ni kitambaa tu, na fundi yeyote aweza kuishona. Hata hivyo raia anayevaa sare ya kapteni hushikwa, kwa sababu watu wamekubaliana juu ya maana yake.

Neno la tatu: "Plastiki haiozi. Mnamwokoa chui na kuuchafua mto wake." Hili nalo ni kweli kwa sehemu, maana manyoya ya bandia hufanywa kwa mafuta ya ardhini, na nyuzi zake hupukutika. Lakini hakuna aliyesema kwamba lazima kitu cha badala kitoke kiwandani. Katika ufalme wa Buganda vazi la kifalme hufanywa kwa gome la mti uitwao mutuba. Gome hubanduliwa, mti hufungwa majani ya mgomba, nao hupona na kutoa gome jingine. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kazi hiyo kuwa urithi wa ulimwengu wote. Watu wa Maniema nao wanajua kufuma na kusuka. Wakitaka alama isiyoua wala kuchafua, mikono ipo.

Waliokwisha jaribu

Yafaa kuona jinsi wengine walivyofanya. Afrika ya Kusini kuna kanisa lililoanzishwa na Isaya Shembe mwaka 1910. Siku za sikukuu wanaume wake hucheza mbele ya Mungu wakiwa wamevaa mabegani ngozi ya chui, kwa desturi ya Wazulu. Maelfu walipokusanyika, maelfu ya ngozi yalionekana. Mwaka 2013 shirika la Panthera, linalolinda wanyama wa jamii ya paka, likapatana na wakubwa wa kanisa hilo, likaanza kugawa ngozi za kuiga zilizofanywa kwa ustadi mkubwa. Zaidi ya 18,000 zimekwisha kutolewa. Wazee wengine walikataa, wakisema kwamba mababu hawaijui plastiki. Wengine walikubali, nao wanacheza bega kwa bega na wale waliokataa.

Zambia nako, watu wa Barotse humhamisha mfalme wao kutoka Lealui kwenda Limulunga kila mto Zambezi unapofurika. Sikukuu hiyo huitwa Kuomboka. Wapiga makasia wa mtumbwi wa kifalme huvaa kofia za manyoya ya simba na ngozi za chui na za wanyama wengine wenye madoa. Baraza la mfalme lenyewe lilikubali vitu vya kuiga vitumike. Hapo alama haikunyang'anywa na mgeni; mwenye nayo aliigeuza.

London mambo hayajafika huko. Katika bendi, vikosi kadhaa vimekwisha kuacha ngozi ya chui na kutumia ya kuiga. Lakini kofia za walinzi wa mfalme bado hufanywa kwa dubu mweusi wa Kanada, ingawa bei ya kofia moja imepita pauni 2,000. Wizara ya ulinzi imesema kwamba manyoya ya bandia yaliyojaribiwa hayakuzuia mvua kama yale ya dubu. Wapinzani wao wanasema kwamba yako ya kuiga yanayofaa. Hata mataifa yenye viwanda vikubwa husitasita mbele ya jambo hili, na mzee wa Luama asionewe haya kwa sababu naye amesita.

Shauri la mwisho

Basi kijijini ifanyweje? Labda hivi. Ngozi ya zamani, iliyoliwa na wadudu, isitupwe. Ikunjwe na kuwekwa katika nyumba ya ukoo, maana chui yule alikufa zamani, na kumheshimu hakumwui mwingine. Sultani avikwe kitambaa, na kabla ya kuvikwa, mzee yule yule asimame mbele ya watu wote na kusema: "Hiki ni kitambaa. Ngozi ya baba zetu imo ndani. Chui wa msitu tumemwacha awe hai, na huyu tumempa kazi ya kumlinda yeye pamoja nasi." Maneno hayo yakisemwa, hapana aliyedanganywa. Na sultani amepata agizo zito kuliko ngozi.

Hata hivyo mzee yawezekana asifurahi. Ataitazama ile ngozi ya kuiga na moyo wake utauma, naye hana kosa. Kuna kitu kilichopotea kweli, na ustadi wa fundi haukirudishi. Zamani msitu ulikuwa na nguvu za kutosha hata kumpa mkubwa ngozi yake bila kupungukiwa, leo hauna. Anayevaa kitambaa bila huzuni hiyo hajaelewa kwa nini anakivaa.

Mzee na azidi kuuliza, na vijana wasimnyamazishe. Lakini na alielekeze swali lake mahali pake. Asiulize tu, "Ngozi hii ni ya kweli?" Amwulize sultani mpya, siku ile na kila mwaka baada yake: "Na wewe, u wa kweli?"